Sensa ya ultrasoniki inanidanganya povu likipanda, naomba ushauri

Wakuu, habari za kazi. Nina tangi la kuchanganyia sabuni ya maji, kimo chake mita 3, na juu nimefunga sensa ya ultrasoniki ya kupima kina, ile inayotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake ukirudi. Tangi likitulia inasoma vizuri kabisa. Shida huanza mota ya kukoroga ikiwashwa: povu linapanda, namba zinarukaruka, mara 40%, mara 85%, halafu mwangwi unapotea na pampu inajizima.

Joto nalo nalishuku. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na huongezeka karibu mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Humu tunafika nyuzi 60. Sensa ina kipimajoto chake, ila kiko ndani ya kichwa chake, huku mvuke ukiwa chini. Jana nilipoifungua nilikuta matone yametanda usoni mwake kama jasho.

Nimefikiria kushusha bomba la kutuliza uso wa sabuni, sensa ipimie ndani yake, lakini sabuni nzito hii si itagandia humo? Au niachane na sauti nihamie rada? Aliyewahi kupambana na povu anisaidie, hasa kama bomba lilimfaa.