Msaada: mwanangu anaandika simulizi ya bibi yake ya Vita vya Kagera, kwenye tafsiri tumekwama

Baba Wawili
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa walimu mliomo humu.

Kijana wangu yuko kidato cha pili. Kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili wamepewa kazi: kila mmoja amhoji mzee wa kwao juu ya jambo alilolishuhudia, arekodi sauti, aandike kurasa nne za Kiswahili, kisha asome mbele ya darasa. Sisi kwetu ni Missenyi, ng'ambo ya Mto Kagera, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuuliza atamhoji nani. Alikwenda kwa bibi yake, mama yangu mzazi, akamwomba habari za vita vya Amin.

Mama Kiswahili anacho, cha sokoni na cha hospitali. Lakini habari za vita kazisimulia kwa Kihaya mwanzo mwisho, na kwa kuwa tuko mpakani anachanganya na Kiganda. Dogo anakisikia, kukiandika hawezi. Basi mimi natafsiri, yeye ananakili.

Swali langu: tafsiri ifuate neno kwa neno, au unaruhusiwa kulainisha ili isomeke vizuri? Oneni kipande hiki:

"Ilikuwa mwisho wa Oktoba 1978. Tulikuwa tukiishi kwa amani katika Mkoa wetu wa Kagera. Tukasikia mizinga upande wa Mutukula. Nikafunga mtoto mgongoni, nikachukua sufuria na kanga mbili, tukashika njia ya Kyaka. Mama mkwe alibaki. Tukavuka daraja kabla halijalipuliwa. Tulipomsikia Mwalimu Nyerere redioni akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, mioyo ikatulia."

Inasomwa Alhamisi. Natanguliza shukrani.

Mgambo Mstaafu
Umenikumbusha mbali kijana wangu. Mimi nilikuwa mgambo, nikachukuliwa mwisho wa 1978 pamoja na polisi, magereza na vijana wa JKT. Kuhusu lugha nikupe moja. Tulipoingia Uganda tukipita upande wa Masaka, wanakijiji wakisikia Kiswahili tu wanapotelea migombani. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Amin, lugha ya kizuizini, ukisemeshwa nacho ujue umeisha. Sisi tunaita "tokeni, sisi ni ndugu", ndiyo kwanza wanazidi kukimbia. Tukawa na mwenzetu mmoja wa Bukoba. Akaweka bunduki chini, akaita kwa Kihaya, taratibu, kama anayebisha hodi kwa jirani. Akatoka mama mmoja na mtoto, halafu wakatoka wote.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wetu wamelala Kaboya pale Muleba. Mpeleke kijana akaone yale makaburi.

Kijana wa Buguruni
Dogo ana bibi, ana baba mkalimani, ana jamvi zima. Wenzake watapataje A? 😄

Mwalimu Tunu
Baba Wawili, hongera kwa kumsaidia mtoto. Nafundisha Kiswahili mwaka wa 16 sasa, nakujibu ulichouliza.

Usianze na tafsiri. Anza kuandika Kihaya kama kilivyosemwa, hata kama tahajia si nzuri. Pembeni weka dakika. Mahali aliponyamaza andika "ananyamaza". Ukimaliza ndipo utafsiri, na karatasi zote mbili ziende kwa mwalimu. Ukitafsiri moja kwa moja kutoka sikioni unaandika unachotaka kusikia, na hutajua kama umefanya hivyo.

Sasa nami nikuulize. Watu wote kwenye kipande chako wanafanya kitu: wanafunga mtoto, wanachukua, wanashika njia, wanavuka. Katikati kuna sentensi ya maneno matatu, "Mama mkwe alibaki." Alibaki wapi? Na nani? Rekodi ina dakika ngapi, na uliyotafsiri ni ngapi?

Baba Wawili
Asante Mwalimu. Rekodi ni dakika 22. Nimetafsiri kama 19 hivi. Hizo nyingine ni mambo ya kifamilia tu, hayahusiani na historia. Kurasa zenyewe nne, lazima upunguze.

Neema ya Jioni
Kaka usisumbuliwe. Si kila la mzee ni la kuanikwa. Vita ni jeraha, na jeraha la mama yako halihitaji vidole vya wanafunzi 60. Mtoto asome yale ya daraja na mizinga, inatosha. Watoto wa siku hizi watamcheka.

Binti wa Keya
Neema, kwa heshima, mimi napinga. Babu yangu alikuwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki. Mwaka 1944 akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mpaka mto Chindwin. Haya nimeyajua ukubwani kwa kusoma. Yeye nyumbani alituachia maneno matupu. Kaka yetu mkubwa alimwita "ombasha". Tukipanga foleni ya uji anasema "kombania, geuka!" Tulicheka sana. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba ombasha ni cheo, neno la Kituruki lililokuja huku na askari wa Kisudani, ukoo mmoja na afande, na kwamba keya yenyewe ni herufi KAR, King's African Rifles, zilizotamkwa na vinywa vyetu.

Usiku mwingine aliamka akiita jina la mtu. Jina hilo hilo kila mara. Hakuna aliyewahi kumuuliza ni nani. Amekufa 1991 na jina lake. Baba Wawili, mama yako amefungua mdomo mwenyewe mbele ya mjukuu. Unajua ni watu wangapi wanaililia hiyo bahati?

Mwalimu Tunu
Baba Wawili, hujanijibu. Alibaki wapi?

Baba Wawili
Mwalimu, sawa. Nitasema, ila msinihukumu.

Mama hakusema "alibaki". Alisema "nilimwacha". Kwa Kihaya halina utata, ni neno la kuacha kitu ukijua unakiacha. Bibi mzaa baba alikuwa amepooza upande mmoja, hawezi kutembea. Baba alikuwa kazini Bukoba mjini. Mama alikuwa peke yake na uamuzi ule. Ndizo dakika tatu nilizokata, kuanzia ya 11 hadi ya 14.

Tatizo lenyewe ni hili. Sisi wote tumekua tukiambiwa bibi alifariki kwa maradhi, akazikwa, vita vikaja baada ya siku mbili. Msalaba wa saruji kaburini umeandikwa 28 Oktoba 1978, kwa mkono wa baba yangu, marehemu. Shangazi zangu wawili walikuwa wameolewa Karagwe. Waliambiwa hivyo hivyo, na kwa kuwa njia zilifungwa na vita hawakushangaa kutoitwa msibani. Wako hai. Na mjukuu wa shangazi mkubwa anasoma darasa moja na mwanangu.

Kazi nimeshachapisha. Hiyo yenye "alibaki". Naona ndiyo salama kwa kila mtu, na kwa kweli si uongo, kwa sababu alibaki.

Mchunguzi
Wakuu naona mmeanza kutoa machozi, ngoja niwapanguse. Hii ni chai.

Moja, mwaka 1978 hakukuwa na Mkoa wa Kagera. Ulikuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, jina la Kagera limekuja baada ya vita. Bibi aliyeishi pale hawezi kukosea mkoa wake. Mbili, hotuba ya Mwalimu ni ya tarehe 2 Novemba. Mama mwenye sufuria, kanga mbili na mtoto mgongoni, redio kaitoa wapi? Tatu, Historia sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Mtu kachukua hotuba maarufu, kaweka bibi aliyeachwa, anatafuta wachangiaji. Chai, tena haina hata sukari.

Kijana wa Buguruni
Duh. Mimi nilishaanza kumwonea huruma yule bibi.

Mgambo Mstaafu
Mchunguzi ana hoja ya mkoa. Ziwa Magharibi ni kweli, mimi barua zangu za wakati ule zimeandikwa hivyo. Lakini watu kuachwa si chai. Tuliporudi ng'ambo ile tulikuta majumba yenye wazee ndani. Sitaki kueleza.

Mwalimu Tunu
Hoja ya tatu ifute, Mchunguzi. Historia ya Tanzania na Maadili ni somo la mtaala mpya na linafundishwa kwa Kiswahili. Lile la zamani ndilo la Kiingereza. Hoja ya kwanza na ya pili umeziona vizuri kuliko mimi, nami nafundisha. Ila sidhani zinaonyesha unachofikiri. Baba Wawili, mkoa na redio ni maneno ya mama?

Baba Wawili
Nimekaa na simu mkononi tangu saa mbili.

Si maneno ya mama. Mama alisema "kwetu". Mimi nikaandika Mkoa wa Kagera ili mwalimu aelewe. Hotuba niliiweka mimi, kila simulizi ya vita hii ina hotuba ile, nikaona yake itapungukiwa. Siku ile mama alikuwa amelala chini ya mti kwenye njia ya Muleba, hakusikia redio yoyote. Mchunguzi, kisa ni cha kweli, tafsiri ndiyo niliyoitia chumvi. Umenikamata mahali pake.

Na kuna moja sijaisema. Huyo mtoto aliyefungwa mgongoni ni mimi. Nilikuwa na mwaka na miezi. Mama alisema kwenye rekodi, "Mgongo ni mmoja." Mwanangu akanigeukia akaniangalia, hakusema kitu. Nikazima simu. Baadaye nikarudi nikaiwasha ili amalizie, lakini pale alipofika nikaenda nje.

Sasa mniambie, nimwache mtoto wangu asimame mbele ya watoto wenzake aseme bibi yake alimwacha mtu afe ili baba yake apone?

Neema ya Jioni
Pole sana kaka. Nilisema haraka. Lakini bado naona shangazi wasilijue hili kupitia mdomo wa mtoto darasani. Hapo sibadiliki.

Binti wa Keya
Hapo hata mimi niko na Neema. Shangazi kwanza. Ila si wewe wa kuamua kwa niaba ya mama. Mpelekee. Msikilizishe ulichokata, umuulize.

Mchunguzi
Mkuu, nakuomba radhi. Mgongo ni mmoja, hilo mtu hatungi. Rekebisha mkoa.

Mwalimu Tunu
Mwambie mwalimu wa darasa unahitaji siku chache, hahitaji sababu zote. Na usiende na karatasi kwa mama. Nenda na sauti.

Baba Wawili
Mrejesho, kama mlivyoagiza.

Jana jioni nilikwenda kwa mama na kijana. Nilimwekea ile sauti fupi, niliyoikata, nikamwambia asikilize kama iko sawa. Alikuwa na ungo mapajani anachambua maharage. Alisikiliza vidole vikiendelea na kazi. Ilipofika pale niliporuka, vidole vikasimama. Akaniuliza, "Mtungi uko wapi?"

Nikajifanya sielewi. Akasema, "Mwanangu, nilisema habari ya mtungi. Umeutoa."

Hakuuliza habari ya kuacha. Aliuliza mtungi. Akaeleza upya, safari hii akimtazama mjukuu. Alikwenda chemchemi mara mbili huku mizinga inalia, akaujaza. Akauweka upande wa kulia wa kitanda, kwa kuwa mkono wa kushoto wa mama mkwe ulikuwa umekufa. Juu ya mtungi akalaza kata ya kibuyu. Akachemsha ndizi za siku mbili, akazifunika kwa majani. Siku mbili kwa sababu kila mtu alisema jeshi litawarudisha wale ndani ya siku mbili. Mama mkwe alimwambia afunge mlango kwa nje ili uonekane mtupu.

Mwanzoni mwa 1979 walirudi, yeye na baba. Mlango ulikuwa mahali pake. Walichokikuta walikizika, na baba akaandika tarehe anayoijua yeye. Mama hakubishana naye. Lakini kata, alisema, haikuwa juu ya mtungi. Ilikuwa kitandani.

"Alikunywa," mama akasema. Akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya mjukuu, maana aliona anaandika: "Andika alikunywa."

Mimi kwenye rekodi ile sehemu ya kata sikuwahi kuifikia. Kijana alikuwa ameisikia yote, siku ya kwanza, akanyamaza kwa ajili yangu.

Nikamwambia mama habari ya shangazi. Akasema hilo ni la kwake. Akachukua simu, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Tulisikia Kihaya muda mrefu, halafu kimya, halafu Kihaya tena. Alipotoka akaomba chai. Shangazi mkubwa anakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi.

Mwalimu Tunu
Na kazi ya shule?

Baba Wawili
Mwalimu wao kampa hadi Jumatatu ya wiki ijayo. Anaandika upya, Kihaya upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, jinsi ulivyoelekeza. Hotuba tumeitoa. Mkoa tumeandika "kwetu". Atasoma au hatasoma mbele ya darasa, hilo atalisema shangazi akishafika.

Mchunguzi
Na ile tarehe ya msalabani?

Baba Wawili
Nimemuuliza mama hivyo hivyo. Akasema ile ni ya baba yenu, iacheni.

Mgambo Mstaafu
Jumamosi shangazi akishapumzika, msalimie. Mwambie kuna mzee hapa alipita kijiji kile.