Wakuu, 4294967297 ni namba tasa au siyo? Nataka njia ya kuonyesha ubaoni

Mwalimu wa Jioni: Habari zenu wakuu. Nafundisha twisheni ya hesabu, kidato cha tatu. Kuna dogo kaniletea 4294967297, anashikilia ni tasa kwa kuwa kila anachogawanyia kinabakiza. Jumla ya tarakimu ni 59, kwa hiyo 3 haimo. 7, 11 na 13 nazo zimegoma. Nimsaidieje bila kumwambia afungue kompyuta?

Kishoka: Agawanye kwa tasa zote mpaka kipeuo cha pili, kama 65536 hivi. Ziko 6542 tu. Mtihani wa taifa utamkuta bado anagawanya 😂

Fundi Biti: Hiyo ni 2^32 + 1. Sisi wa kompyuta tunamfahamu jirani yake, 4294967295, ndiyo kikomo cha namba ya biti 32 isiyobeba hasi.

Binti Hesabu: Fundi kaigusa penyewe. Fermat, yule Mfaransa wa karne ya 17, aliamini 2^1 + 1, 2^2 + 1, 2^4 + 1 na kuendelea, kipeo kikizidishwa mara mbili kila hatua, zote ni tasa. Tano za kwanza ni kweli: 3, 5, 17, 257, 65537. Ya sita ndiyo hii ya dogo, na ndiyo iliyomwangusha. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha inagawanyika kwa 641.

Na hakubahatisha. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Kwa hiyo achana na 7 na 11, jaribu 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano inakubali: 641 × 6700417.

Mwalimu wa Jioni: Duh! Ubarikiwe dada. Ila huyu dogo namjua, atauliza kwa nini 641 inakubali. Na 6700417 je, nayo inavunjika?

Binti Hesabu: Mwandikie hivi: 641 = 5 × 2^7 + 1, tena 641 = 5^4 + 2^4. Tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, ya kwanza inasema 5 × 2^7 ni sawa na −1. Ipe kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ni sawa na 1. Ya pili inasema 5^4 ni sawa na −2^4. Badilisha: −2^32 ni sawa na 1, basi 2^32 + 1 haibakizi kitu. Mistari minne, hakuna kikokotoo.

6700417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na Lucas, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 19, alibana zaidi: kigawo kizidi kigawe cha 128 kwa 1. Tasa za hivyo ni 257, 641, 769, 1153 na 1409 tu. Agawanye mwenyewe, zote zinabakiza.

Kishoka: Kutoka 6542 mpaka tano? Nanyamaza.

Fundi Biti: Akimaliza mpe 2^64 + 1, sasa atumie 256 badala ya 64. Kigawo kidogo ni 274177, ila usimtajie.