ORS na zinki kwa mtoto wa miezi 14: naomba vipimo sahihi

MamaMiezi14:
Habari za jioni. Mtoto ana miezi 14, kilo 9 na nusu, bado ananyonya. Ameharisha mara tano tangu asubuhi, maji matupu, damu hakuna. Nina pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, wa kumrudishia mtoto maji anapoharisha) na vidonge vya zinki vya miligramu 20. Nachanganyaje, nampa kiasi gani, na akitapika nifanyeje? Jirani ameniambia nichanganye nusu pakiti kwenye kikombe ili nyingine isiharibike.

MuuguziWatoto:
Pole sana mama. La kugawa pakiti usilifuate. Mle ndani mna unga wa aina nne uliochanganywa, na haukai sawasawa, kwa hiyo nusu moja yaweza kubeba chumvi nyingi na nyingine ikapungukiwa. Kisha nusu pakiti kwenye kikombe ni nzito mno: badala ya kumrudishia mtoto maji, inayavutia utumboni, anaharisha zaidi na kiu inazidi.

Soma pakiti kwanza. Ya gramu 20.5 ni ya maji lita 1 kamili. Zipo pia za mililita 500, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Nawa mikono kwa sabuni, pima maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina pakiti yote, koroga mpaka uone maji yako wazi. Usiongeze sukari, maziwa wala juisi. Funika. Zikipita saa 24 tangu uchanganye, kilichobaki mwaga, uchanganye mpya.

Kwa umri wake, kila anapoharisha mpe mililita 50 hadi 100, yaani vijiko vya chai 10 hadi 20. Mnyweshe kwa kijiko au kikombe, taratibu, kijiko kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena polepole zaidi. Watoto wengi hutapika kwa sababu wamegugumia kwa kiu, si kwamba ORS imewakataa. Na titi usimnyime, mwongezee.

MfamasiaPwani:
Naongezea zinki. Kwa miezi 6 na kuendelea ni kidonge kizima cha miligramu 20 mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6 ni nusu kidonge. Weka kidonge kwenye kijiko, tia maji safi kidogo au maziwa yako uliyokamua, kitayeyuka chenyewe, umpe chote. Akikitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe kingine.

Kosa kubwa ni kuacha siku ya tatu kwa kuwa choo kimekuwa kizito. Tafadhali usiache. Zinki inasaidia utumbo kupona, na dozi ikikamilika inampunguzia kuharisha tena kwa miezi miwili au mitatu inayofuata.

BabaWawili:
Glukosi ya kopo haitoshi? Na dawa ya kufunga tumbo je?

MfamasiaPwani:
Hapana kwa yote mawili, ndugu yangu. Glukosi peke yake haina chumvi, na vitu hivyo viwili hufanya kazi pamoja: sukari inasaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, maji yanafuata nyuma. Ndiyo maana soda nayo haifai, sukari yake ni nyingi mno. Dawa za kufunga tumbo hazipewi mtoto mdogo: zinaweza kusimamisha utumbo, tumbo likajaa na akalegea, na maji aliyopoteza hayarudi. Antibiotiki pia msijinunulie. Choo chenye damu kinataka kituo cha afya.

MuuguziWatoto:
Mama, usiku huu mwangalie hivi. Macho yameingia ndani? Analegea, haamki vizuri, hawezi kunywa au anatapika kila kitu? Amepata degedege? Finya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, uiachie: ikirudi polepole, maji yamepungua. Ukiona lolote kati ya hayo, au damu kwenye choo, nendeni usiku huohuo, huku ukimpa ORS njiani. Asipoona nafuu kwa siku tatu, mpeleke pia.

Chakula kiendelee: uji, wali laini, ndizi mbivu, kidogokidogo mara nyingi. Akipona, mpe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili.

MamaMiezi14:
Asanteni sana. Ngozi inarudi haraka, na anakunywa. Pakiti ni ya lita moja, ila chupa niliyonayo ni ya lita moja na nusu.

MuuguziWatoto:
Usikisie kwa macho. Tafuta chupa ya maji ya nusu lita, ijaze mara mbili uimimine kwenye hiyo kubwa, kisha chora mstari kwa kalamu pale maji yalipofika. Kesho utapimia hapohapo.