Bradman na wenzake: mazungumzo ya kikundi cha ukoo

Kassim: Ami, jana tumebishana kazini mpaka chai ikapoa. Mimi nasema Tendulkar wa India ndiye mpigaji bora wa kriketi ya Testi, zile mechi ndefu za mataifa, si Bradman wa Australia unayemsifu wewe. Mechi 200, mikimbio (ndizo alama) 15,921, miaka 24 uwanjani. Bradman mechi 52 tu, 37 kati ya hizo ni na Uingereza, na hakucheza Testi nje ya Australia na Uingereza.

Riziki: Na warushaji wa zamani, wale wanaomtupia mpigaji mpira, walikuwa polepole. Tazameni zile picha nyeusi na nyeupe.

Ami Twaha: Naenda kuswali. Nikirudi nitawajibu.

Shangazi Mwana: Mmeshamchokoza 😄

Ami Twaha: Haya. Kassim, hesabu zako ni sawa, sikukatalii. Lakini umepambanisha watu wasiokutana. Mtu mpime kwanza na waliocheza naye. Bradman wastani wake, yaani mikimbio kwa kila mara aliyotolewa, ni 99.94. Hammond wa Uingereza aliishia 58.45. Sutcliffe 60.73. Headley wa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, 60.83. Hao ndio mabingwa wa zama zile, na viwanja mvua ikinyesha havikufunikwa. Kama kupiga kulikuwa rahisi, mbona hao hawakufika 80? Mabingwa wa leo nao wako kwenye hamsini na kitu. Tendulkar mwenyewe 53.78. Aliyepanda ni mmoja tu.

Ami Twaha: Na wewe Riziki, hao wa polepole. 1932-33 Larwood, mrushaji wa kasi wa Uingereza, alimrushia Bradman mipira ya mwilini makusudi, na helmeti hakuna. Wastani wa Bradman kwenye mfululizo ule wa mechi ukaanguka hadi 56.57. Yaani alipobanwa kuliko wakati wowote, bado alikuwa juu ya wastani wa Tendulkar.

Kassim: Hapo umenishika, Ami. Sikuwa nimeifikiria hivyo.

Riziki: Mimi kinachoniuma ni ile 1948, mechi yake ya mwisho ya Testi, uwanja wa Oval, London. Alihitaji mikimbio minne tu wastani utimie 100. Hollies, mrushaji wa Uingereza, akamtoa kwa mpira wa pili, sifuri.

Ami Twaha: Mpira ulimgeukia ndani. Mimi kila nikikumbuka kisa hicho moyo unanishuka.

Shangazi Mwana: Na timu je? Mnahesabu watu tu. West Indies walishindwa New Zealand mwanzoni mwa 1980, kisha hawakupoteza mfululizo wa Testi mpaka Australia 1995. Miaka kumi na mitano! 1984 waliipiga Uingereza 5-0 huko huko kwao. Warushaji wao Marshall, Holding, Garner, akichoka huyu anakuja yule. Na mpigaji wao Richards anaingia kichwa wazi, anatafuna chingamu, hana haraka.

Kassim: Australia walishinda mechi 16 mfululizo, Shangazi, na wakairudia tena.

Shangazi Mwana: Mara ya kwanza wakakatwa na India, Kolkata 2001. India waliachwa mbali wakalazimishwa kupiga tena papo hapo, Laxman wao akatia mikimbio 281. Kwangu West Indies wako mbele. Mpigaji akikosea huondoka peke yake, lakini warushaji wanne wa namna ile hawakupi pa kupumua.

Ami Twaha: Hapo nakubaliana na Mwana.

Ami Twaha: Riziki, Jumamosi pita kwangu. Kabatini nina mpira wangu wa zamani, ngozi imebabuka lakini ule mshono bado umesimama. Ushike, kisha useme kama ungesimama mbele yake kichwa wazi.

Riziki: Nakuja, Ami. Na Kassim nitamchukua.

Shangazi Mwana: Njooni baada ya alasiri, nitakaanga mahamri.