Tuta limeziba ghuba, mikoko inakufa, naombeni ushauri
Wakuu habari, kuna tuta la barabara limekatisha ghuba yetu, maji yanapita kwenye kalavati moja dogo tu. Bahari ikijaa, ndani hayapandi vizuri na yakishaingia yanakwama, jua linayakausha, chumvi inazidi mpaka mikoko inakufa ikiwa imesimama. Watu wanang'ang'ania tupande miche, mi naona kazi bure, maji yakirudi si mbegu zinaelea zenyewe mpaka ndani zinaota?

Sasa tuongeze makalavati makubwa au tuvunje kipande tuweke daraja? Na tufungue yote kwa mpigo au taratibu, maana ule udongo mweusi uliokauka ukilowa ghafla naogopa utaachia asidi samaki wafe. Halafu vipimo vya maji tuchukue wakati wa bamvua tu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) au na wakati wa maji mafu (yale yanayopanda na kushuka kidogo)?