Taa ya filta ya masizi (DPF) ya dizeli imewaka na MOT, ukaguzi wa lazima wa gari, iko karibu

Wadau mlioko Uingereza, dizeli yangu taa ya filta imewaka, fundi ananiambia tuitoboe tutoe vya ndani eti itapita tu MOT, kweli?

— Usikubali kaka! Tangu 2014 filta ikikutwa imetolewa gari inafeli, na tangu Mei 2018 moshi wowote ukionekana kwenye gari yenye filta ni kosa kubwa, halafu ukiendesha bila hiyo filta faini inafika pauni 1,000. Na masizi yale wanayavuta watoto wetu jamani.

— Safari za dukani tu ndo zinaijaza, masizi hayapati joto la kuungua. Ipeleke gari motowei (barabara ya kasi) kama dakika 15 mwendo usishuke, ila ikishakosa nguvu usilazimishe, ikasafishwe gereji.