Binti yangu anatolewa mafindofindo Jumanne, nimwandaeje?

Wapendwa habari za jioni. Binti yangu ana miaka 6, akilala anakoroma kama mtu mzima, mara pumzi inakata, inabidi nimtikise. Daktari kasema mafindofindo yatolewe pamoja na nyama za pua. Mama mkwe anasisitiza tukamkate kimeo kwa mzee fulani, yaishe. Mimi naogopa nusu kaputi, na mtoto sijamwambia chochote. Baba yake anataka tumwambie tunaenda kununua baiskeli.

Mama Pacha
Msimdanganye dada. Kulwa nilimwambia tunaenda kwa shangazi. Alipoona koti jeupe, wodi nzima iliamka! Mpaka leo nikitaja shangazi ananitazama kwa jicho la pembeni. Doto nilimwambia siku tatu kabla: utalala usingizi wa dawa, daktari atapitia mdomoni, shingo haichanwi, ukiamka koo litauma na mama nipo. Akampasua mdoli wake kwanza, siku yenyewe akaingia anatembea.

Nesi wa Zamu
Kimeo sahau. Kimeo si findo, kukikata hakuondoi hilo koromo, na tumepokea watoto wanavuja damu kwa nyembe hizo. Kuhusu kula, fuata mlivyoelekezwa; kawaida chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2. Hapa ndipo wengi hukwama: bibi anaona huruma, anampa uji alfajiri, upasuaji unaahirishwa. Akiamka na homa au kikohozi, piga simu kabla hamjatoka. Kama ana selimundu, au kwenu kuna mtu damu yake haikati upesi, sema. Jino linalotikisika pia, mwambie mtu wa nusu kaputi.

Baba Tanga
Jiandaeni na siku ya 3 hadi ya 5. Wangu alilia kuliko siku ya kwanza, akadai masikio yanauma. Kooni kukawa na utando mweupe, mdomo unanuka, nikadhani usaha, kumbe ndivyo kidonda kinavyopona. Barafu za ukwaju msimpe, zinachoma. Maji baridi, uji uliopoa, parasetamoli kwa kilo zake.

Nesi wa Zamu
Asprini hapana. Na damu mbichi ikitoka, hata siku ya 10, au akiwa usingizini anameza-meza mate, hospitali usiku huohuo.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Nimemwambia. Kauliza kama atapewa hayo mafindofindo aje nayo nyumbani. Na nimemchungulia mdomoni: jino la mbele chini linacheza.